Mwenye Sauti na Mwenye Wimbo

Liko kosa moja ambalo limezoeleka hata limeacha kuonekana kuwa ni kosa. Mtu akiulizwa wimbo fulani ni wa nani, hutaja jina la yule aliyemsikia akiuimba. Hana nia ya kudhulumu, wala hajui kuwa amedhulumu. Sauti ndiyo iliyomfikia, na masikio hayana desturi ya kuuliza ni nani aliyesimama nyuma ya sauti. Lakini kosa la msikilizaji wa barazani likirudiwa na mwanachuoni, haliwi kosa tena, huwa fundisho. Na fundisho baya huzaa dhuluma isiyokuwa na mtu wa kuijibia.

Mwanafunzi akinukuu mstari mmoja wa riwaya bila ya kumtaja mwandishi, hukemewa mbele ya wenziwe, na huenda akanyimwa shahada. Mwanafunzi huyo huyo akiandika sura nzima juu ya nyimbo za taarabu au za dansi, akataja waimbaji peke yao, aghalabu haulizwi neno. Mwalimu anayelinda haki ya mwandishi kwa wembe hulala usingizi mbele ya haki ya mtunzi wa nyimbo. Yafaa waulizwe walimu wa namna hiyo: je, ni sheria gani ya elimu inayosema kwamba maneno yakichapwa yana mwenyewe, na yakiimbwa hayana?

Wakiulizwa hivyo hutoa hoja tatu. Ya kwanza ni kuwa wimbo ukisha kuimbwa huwa mali ya watu wote, mfano wa maji ya kisima. Ya pili ni kuwa sauti ndiyo iliyoutia uhai, na mwenye sauti ndiye mwenye wimbo. Ya tatu, ambayo ni ya wasomi zaidi, ni kuwa elimu ya siku hizi haimtazami mtunzi bali hutazama utungo. Hoja hizi zina sura ya kupendeza, lakini sura si mizani. Yafaa zipimwe kwa mfano wa wimbo mmoja wa Marekani, ambao umepata maisha mawili katika vinywa viwili, na kwa hiyo umeonyesha waziwazi kilicho cha mtunzi na kilicho cha mwimbaji.

Wimbo huo huitwa "Fast Car", yaani gari liendalo kasi. Aliyeutunga ni Tracy Chapman, mwanamke mweusi aliyezaliwa mwaka 1964 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, akalelewa na mama yake. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Tufts akachukua shahada ya anthropolojia, na siku za masomo yake alikuwa akiimba kando ya njia katika uwanja wa Harvard, mjini Cambridge, akiwa na gitaa lake tu. Sahani ya wimbo huo ilitoka Aprili 1988.

Msemaji katika wimbo ni mwanamke kijana. Baba yake ni mlevi, mama yake amekwenda zake, naye ameacha shule ili amtazame baba. Hufanya kazi dukani na kudunduliza akiba. Mpenzi wake ana gari, na katika gari hilo yeye huona mlango wa kutokea katika ufukara. Wanaondoka, mwanamke anapata kazi, lakini mpenzi yule anageuka kidogo kidogo kuwa mfano wa baba aliyeachwa nyuma, mtu wa ulevi na marafiki, asiyewaona watoto wake. Mwishoni gari ni lile lile, ila sasa mwanamke anamtaka mwenziwe aamue kama atalitumia kwenda zake.

Ubora wa utungo huu umo katika mgongano wa maneno na muziki. Maneno yanataja kasi, lakini gitaa linazunguka mahali pamoja, likirudia nagma fupi ile ile ubeti hata ubeti, kama gurudumu lililokwama matopeni. Ngoma hungojea hata kiitikio, ndipo ziingie kwa nguvu. Na kiitikio chenyewe hakisimulii safari inayoendelea, bali kinakumbuka usiku mmoja uliopita, ambao msemaji alijiona kuwa naye ni mtu miongoni mwa watu. Kasi yote ya wimbo, basi, imo katika jambo lililokwisha pita. Huo ni ufundi wa akili iliyoketi ikapanga, na koo zuri peke yake halikuweza kuufanya.

Tarehe 11 Juni 1988, katika uwanja wa Wembley, London, yalifanywa maonyesho ya kuadhimisha miaka 70 ya umri wa Nelson Mandela, ambaye wakati huo alikuwa bado kifungoni. Chapman alikwisha imba zamu yake mchana. Jioni, Stevie Wonder hakuweza kupanda jukwaani kwa wakati wake, maana sehemu muhimu ya vyombo vyake vya umeme haikuonekana. Mwanamke yule akarudishwa kuziba pengo, peke yake na gitaa, mbele ya uwanja uliofurika na televisheni za nchi zaidi ya 60. Baada ya usiku ule sahani zake zilinunuliwa kwa wingi sana. Wimbo ukapanda hata daraja ya 6 katika orodha ya Marekani na ya 5 katika orodha ya Uingereza, na mwaka 1989 ukampatia tuzo ya Grammy.

Hayo ndiyo maisha ya kwanza. Maisha ya pili yalianza Machi 2023, pale Luke Combs, mwimbaji mweupe wa muziki wa kantri kutoka North Carolina, ambaye wimbo ulipotoka alikuwa hajazaliwa, alipoutia katika albamu yake. Ukafika daraja ya 2 katika orodha kuu ya Marekani, na daraja ya kwanza katika orodha ya redio za kantri. Hapo Chapman akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mtunzi wa pekee wa wimbo ulioshika daraja ya kwanza katika orodha hiyo. Novemba 2023 Chama cha Muziki wa Kantri kikautangaza kuwa ndio wimbo bora wa mwaka, na tuzo ikamwendea mtunzi, aliyekuwa mtunzi mweusi wa kwanza kuipata, miaka 35 baada ya utungo wake kutoka. Tarehe 4 Februari 2024, mjini Los Angeles, wawili hao wakauimba pamoja katika sherehe ya Grammy.

Sasa na irudiwe hoja ya kwanza, ile ya kisima. Ni kweli kwamba maji ya kisima huchotwa na kila mwenye kiu. Lakini hapana mwenye akili timamu asemaye kuwa kisima kilijichimba. Sheria ya Marekani imelijua jambo hili tangu mwaka 1909. Wimbo ukisha tolewa katika sahani kwa idhini ya mwenyewe, mtu mwingine yeyote aweza kuuimba katika sahani yake bila ya kuomba ruhusa, ila hana budi kulipa. Mwaka 1909 malipo yalikuwa senti 2 kwa kila nakala. Mwaka 2023 yalikuwa senti 12. Na redio za hewani za nchi ile zipigapo wimbo, mtunzi hulipwa ilhali mwimbaji wa sahani halipwi. Yamkini sheria hiyo inamkosea mwimbaji, na waimbaji wameilalamikia mara nyingi. Lakini inathibitisha kwamba uhuru wa kuchota maji na haki ya mchimbaji vyaweza kukaa nyumba moja. Combs hakuhitaji kupiga magoti, na Chapman hakuhitaji kulia.

Sheria hiyo hiyo ina mpaka wake. Kuuimba wimbo wa mtu ni jambo moja. Kuukata na kuushona upya ni jambo jingine, na hilo lahitaji idhini. Nicki Minaj alijenga wimbo wake juu ya utungo mwingine wa Chapman, akaomba ruhusa, akanyimwa. Hata hivyo wimbo ukasikika redioni. Mwaka 2018 Chapman akashtaki. Mahakama mwaka 2020 ikasema kwamba kujaribu wimbo ndani ya studio si kosa. Ama shauri la kuutoa nje halikufika mwisho wa hukumu, kwa kuwa mwaka 2021 lilimalizwa kwa malipo ya dola 450,000. Wako waliomwita mtunzi huyo bahili. Lakini mtu asiyeweza kusema "hapana" juu ya kitu hana kitu. Amekishika tu mpaka mwenye nguvu atakapokitaka.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Sauti si kitu kidogo. Utungo uliolala katika karatasi ni kama mbegu iliyo ghalani, na mwimbaji ndiye mvua yake. Lakini mvua haichagui mmea utakaoota. Katika mfano huu kila kitu cha sauti kilibadilika: mwanamke akawa mwanamume, mweusi akawa mweupe, mtu wa Ohio akawa mtu wa North Carolina, muziki wa gitaa la njiani ukawa muziki wa bendi ya kantri, na kizazi kikapita. Baada ya mabadiliko hayo yote watu waliutambua, wakausikitikia pale pale walipousikitikia wazazi wao. Basi kile kilichobaki baada ya sauti kuondoka ndicho wimbo, na kilichobaki ni cha Chapman. Lau sauti ingalikuwa ndiyo wimbo, Combs angalikuja na wimbo mwingine.

Tena Combs mwenyewe alifahamu hivyo. Hakuyageuza masimulizi yakawa ya mwanamume. Pale msemaji anapojitaja kuwa ni msichana wa kupokea fedha dukani, aliliacha neno hilo kama lilivyo, ingawa kinywani mwake lilikuwa geni. Mwimbaji mwenye majivuno angalilibadili ili wimbo ufanane naye. Yeye alikubali kufanana na wimbo. Hiyo ndiyo adabu ya mchukua amana. Aliyekabidhiwa kikombe cha watu hakati ukingo wake kwa sababu midomo yake ni mipana.

Kwa hiyo hawana haki wale wa upande wa pili waliosema kwamba kijana huyo mweupe aliiba. Mwizi hufuta alama ya mwenye mali, na huyu aliitangaza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Walakini manung'uniko yao yana msingi mahali pengine. Mwaka 1988 milango ya redio za kantri haikuwa wazi kwa mwanamke mweusi mwenye wimbo ule ule, maneno yale yale, na gitaa ambalo ni chombo kile kile cha kantri. Wimbo ulibishahodi miaka 35, ukafunguliwa ulipokuja katika kinywa cha mtu wa nyumba. Aibu hiyo ni ya mlango, si ya aliyepita. Na kama mtunzi asingalikuwa amejulikana kwa jina, aibu hiyo isingalionekana kabisa. Watu wangalidhani kwamba wimbo ulizaliwa kwa wenye mlango. Jina la mtunzi, basi, si pambo la heshima tu. Ni ushahidi wa historia. Likifutwa, dhuluma hupata mahali pa kujificha.

Hoja ya tatu hutoka kwa wasomi. Husema kwamba Roland Barthes, mwaka 1967, alitangaza kifo cha mtunzi, na kwamba tangu hapo kazi ya mhakiki ni utungo na msomaji wake. Kuna faida katika fundisho hilo: humzuia mhakiki asigeuke kuwa mpelelezi wa mambo ya chumbani ya watunzi. Lakini Barthes alisema juu ya maana ya maandishi, hakusema juu ya haki ya aliyeyaandika, na insha yake ilitoka kwa jina lake. Wanaoitumia insha hiyo kumzika mtunzi wa nyimbo hawamziki Shakespeare, hawamziki Shaaban Robert, wala hawayaziki majina yao wenyewe katika jalada za vitabu vyao. Kifo kinachochagua maskini peke yao si falsafa. Ni desturi ya zamani iliyovikwa joho.

Juu ya hayo, mwanachuoni wa Kiswahili ndiye wa mwisho mwenye udhuru katika jambo hili, kwa sababu mila yake ilikwisha amua zamani. Mashairi na tenzi za pwani zilitungwa ziimbwe, na zilisafiri kinywa kwa kinywa na nakala kwa nakala, mbali na macho ya watungaji. Watungaji wakaijua hatari hiyo, wakaitafutia dawa. Katika beti za mwisho wengi wao walitia majina yao, na mara nyingine mji, idadi ya beti na tarehe. Jina likafungwa kwa vina na mizani ndani ya utungo, hata mwimbaji asiweze kulitupa bila ya kuuvunja wimbo. Ubeti wa tamati ulifanya kazi ya hati na muhuri. Lugha nayo ikatenga majina: malenga, manju na shaha hayakuwa majina matatu ya mtu mmoja.

Leo urithi huo umebaki kufundishwa kama jambo la mapambo. Mwanafunzi huonyeshwa kwamba mshairi wa kale alijitaja mwishoni, huandika hivyo katika mtihani, kisha hutoka darasani akaandika tasnifu ya taarabu pasipo kumtafuta aliyetunga maneno. Ukumbini mwimbaji huimba, watu huinuka wakamtunza kwa noti, na hiyo ni haki yake, maana mcheza kwao hutunzwa. Lakini aliyetunga huenda amekaa nyuma ya umati, au yuko nyumbani, au yuko kaburini, na hapana amkumbukaye. Kiswahili kimeyaweka karibu maneno mawili, kutunga na kutunza, watu wameyatenga.

Matokeo ya kutenga huko yanajulikana. Solomon Linda wa Afrika Kusini aliuimba "Mbube" katika sahani mwaka 1939, akauza haki yake kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina na maneno, mwaka 1961 ukashika daraja ya kwanza Marekani, na mwaka 1994 ukaingia katika filamu ya watoto iliyotazamwa dunia nzima. Linda alikufa mwaka 1962 katika umaskini, na jamaa zake hawakufikia mapatano ya malipo hata mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani. Afrika Mashariki nayo ina "Malaika". Miriam Makeba aliupeleka ulimwenguni, kundi la Boney M likauimba mwaka 1981, na wengine wasiohesabika. Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi mapema, alidai mpaka kufa kwake mwaka 2001 kuwa ni wake. Wengine humtaja Adam Salim. Na yako majina mengine. Wimbo wa Kiswahili uliokwenda mbali kuliko nyimbo nyingi hauna mtunzi mmoja anayekubaliwa na wote. Watu huutaja kwa fahari, kumbe ungetajwa kwa haya.

Itasemwa kwamba sheria zipo. Naam, zipo: Tanzania ilipitisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 1999, na Kenya mwaka 2001. Lakini sheria hulinda haki ya mtu anayejulikana. Hakimu hawezi kumlipa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote, na kazi ya kuandika majina si ya hakimu. Ni kazi ya watunza kumbukumbu, watangazaji, na zaidi ya wote wanachuo, ambao wamelipwa na kufundishwa ili waulize kabla ya kuandika.

Basi dawa haihitaji fedha wala kamati. Tasnifu yoyote inayochambua wimbo itaje mtunzi wa maneno, mtunzi wa muziki, na mwimbaji, kila mmoja mahali pake. Na mtunzi asipojulikana, iandikwe wazi kwamba alitafutwa wapi na hakupatikana. Tasnifu isiyofanya hivyo irudishwe kwa mwenyewe, kama inavyorudishwa ile iliyonakili kitabu. Mwanafunzi apelekwe kwa wazee wa vikundi vya taarabu na bendi za zamani wakiwa hai, akaandike nani alitunga nini, kabla ya makaburi kuwa ndiyo maktaba. Kazi hiyo haina sifa kubwa, lakini ingalifanywa katika wakati wake, shauri la "Malaika" lingalikuwa na ushahidi mahali pa uvumi.

Tracy Chapman hakuhudhuria siku ya kupewa tuzo ya kantri. Alipeleka salamu tu. Ukumbi ulijaa waimbaji, na mtunzi hakuwamo. Walakini jina lake lilisomwa, na lilisomwa kwa sababu lilikuwa limeandikwa tangu 1988. Katika vyumba vingi vya elimu ya Kiswahili mtunzi hayumo vile vile. Tofauti ni kwamba humo hapana jina la kusomwa. Sauti ni mgeni mwenye furaha. Huja, hufurahisha, huondoka. Mwenye nyumba ni mwingine, na mgeni mwema huuliza jina lake kabla ya kuketi.